Muhuri wa maktaba si baraka

Juzi tena. Mama mmoja, heshima zake zote, kaniwekea kitabu cha uzazi wa mpango juu ya kaunta, kakishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyelala juani. "Mwanangu, serikali imekubalije hiki?" Nikamwamkia kwanza, nipate muda wa kumeza mate. Alikuwa wa tatu wiki hiyo.

Basi niseme. Muhuri ule ndani ya jalada una maana moja: ni mali yetu, kirudishe. Hausemi kitabu ni kizuri wala ni cha kweli, na hausemi mkutubi anakiamini. Kwenye rafu yangu ya 200, namba ya vitabu vya dini, Biblia, Kurani na wanaozipinga zote mbili wanakaa bega kwa bega, na mimi sijabadili dini hata mara moja.

Mtaniambia mbona Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16. Ilivipiga marufuku, ndiyo, mashuleni. Ile ni amri, ina orodha. Mtu akilalamika kaunta kwangu anapewa fomu: kitabu gani, ukurasa gani, umekisoma chote? Hilo la mwisho ndilo huwarudisha wengi nyumbani. Fomu ikijazwa tunakaa, tunajadili, na kitabu kinabaki rafuni mpaka tumalize.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mwaka jana alikuja mzee kutoka upande wa Igoma na kitabu kinachozungumzia mauaji ya vikongwe huku kwetu Usukumani. Kwenye jina lake kuna neno "uchawi". "Mnafundisha watoto uchawi!" Nikakifungua palepale, nikamsomea: bibi ameinamia mafiga, anapuliza moto wa mavi makavu ya ng'ombe, miaka arobaini ya moshi, macho yamekuwa mekundu, na wekundu huo ndio majirani wanaufanya ushahidi. Mzee akanyamaza. Halafu akaonyesha kidole kwenye mgongo wa kitabu: "Mbona mmekiweka na vya mapepo?"

Hapo alinishika. Kilikuwa 133.4, ambako Dewey, mfumo wetu wa kupanga vitabu kwa namba za mada, unaweka uchawi na mashetani. Aliyekipa namba alisoma jina, akaishia hapo. Watu hudhani namba ni anwani tu, ya kukupeleka rafuni. Namba ni mtaa, jamani! Ukimpangisha mtu katikati ya waganga na wapiga ramli, wapita njia hawaulizi kazi yake. Kitabu kinachohesabu wazee waliokatwa mapanga ni cha 364.152, mauaji, jirani na magereza na polisi. Nikabandua lebo, nikarekebisha kadi na kompyuta, nikakibeba mwenyewe hadi ukuta wa pili.

Mzee akafurahi. "Ahsante kwa kukitoa." Nikamwambia sijakitoa, nimekihamisha. Aliondoka akiamini ameshinda, na mpaka leo sina hakika kwamba hakushinda.

Kwa sababu tuwe wakweli: nilikihamisha kwa kuwa 364.152 ni sahihi, au kwa kuwa kule hakionekani? Asingekuja, kingekuwa 133.4 hadi leo. Na kijana anayetafuta uchawi huenda 133, haendi kwenye mauaji. Yeye ndiye niliyetaka akutane na yule bibi na moshi wake. Wenzangu wa katalogi watasema namba hufuata mada, basi. Sawa. Wao hawakai kaunta.

Na kuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Vitabu vya 613.9, vya mambo ya uzazi na mahusiano: kuna ambavyo sijawahi kuviagiza, maana nikiona jalada tu nasikia sauti ya mlalamikaji kabla hajazaliwa. Hakuna fomu ya kitabu ambacho hakikununuliwa. Ilani ya maktaba za umma ya IFLA, shirikisho la maktaba la kimataifa, na UNESCO ya 1994, iliyohuishwa 2022, inakataa mkusanyo wa maktaba kuchujwa kwa sababu za itikadi, siasa au dini. Nimeitundika ukutani nyuma ya kiti changu. Kwa hiyo ninapojaza orodha ya ununuzi huwa nimeipa mgongo.

Kile kitabu cha vikongwe, kilipokuwa 133.4, karatasi yake ya tarehe ilikuwa na mihuri kumi na moja ya kuazimwa. Tangu nikihamishe kimepata mmoja. Ni wangu.