Curves si ya mwanga peke yake

Wengi wanaohariri picha za mandhari kwenye Photoshop huamini kwamba Curves, zana ya kurekebisha picha kwa kupinda mstari kwenye grafu, ni ya kuongeza au kupunguza mwanga tu, na rangi ikipwaya dawa ni kuvuta kitelezi cha ukolezo wa rangi (Saturation). Sivyo.

Ndani ya Curves, nyekundu, kijani na buluu kila moja ina mstari wake, wenye thamani za 0 (rangi hiyo haipo) hadi 255 (imejaa). Chukua picha ya Kilimanjaro iliyopigwa mchana kutoka Amboseli. Utusitusi wa mbali huupaka mlima ubuluu, hasa penye giza, na kitelezi cha ukolezo kitauzidisha ubuluu uleule. Ongeza leya ya Curves (tabaka la marekebisho juu ya picha), chagua chaneli ya buluu, yaani mstari wa rangi hiyo, kisha sogeza ncha yake ya chini kushoto, upande wa giza, kidogo kuelekea kulia. Buluu hupungua vivulini, umanjano hurudi, na theluji haibadiliki sana. Kidogo, nasema, ukizidisha, mlima utakuwa kama umemwagiwa bizari.

Hata mstari wa pamoja wa rangi zote tatu (RGB) hugusa rangi: ukiupinda kama herufi S, rangi nazo hukolea. Hutaki hilo? Weka leya kwenye hali ya Luminosity, inayobadilisha mwanga tu, si rangi.