Roho ikichoka Bukavu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mupeleke SOSAME!" Hapa Bukavu hilo ni tusi. SOSAME ni kituo cha afya ya akili, na kwa kuwa jina lake limefanywa tusi, mtu aliyechoka rohoni huona heri anyamaze kuliko kuonekana akiingia mlangoni pake. Mimi hukaa na kundi la akina mama la kusikilizana huko Kadutu, sehemu ya mji huu, kila juma, baada ya kikao chetu cha MUSO, yaani kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana. Ninayoyajibu hapa ndiyo ninayoyasikia humo, na hata nyumbani kwangu.

"Mimi si kichaa, msaada wa nini?"

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, karibu mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hutawaona wakizunguka barabarani wakisema peke yao. Wanaamka, wanakwenda sokoni, wanapika. Huzuni yao inajificha mwilini: kichwa kinawaka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Mama anapimwa malaria, anapimwa tifoide, ananunua dawa, juma lijalo yuko palepale kwenye benchi. Vipimo vifanywe, sikatai. Lakini vikirudi safi mara ya pili na ya tatu, mtu amuulize: "Mama, na rohoni uko je?"

"Ukija kwenye kundi, lazima usimulie yote"

Hili ndilo linalowazuia wengi, na linaniumiza kwa sababu si kweli. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Baadhi yao walikutana katika vikundi vidogo kwa vikao 12 hivi. Kazi kubwa haikuwa kurudia tukio, bali kuyachunguza mawazo lililoyaacha: "ni kosa langu", "sina thamani tena", "hakuna wa kuaminiwa". Mwanzoni zaidi ya nusu yao walikuwa na dalili nzito. Miezi sita baada ya vikao, katika vikundi hivyo waliobaki na dalili hizo hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Na walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia, Wakongomani kama sisi, wale tunaowaita APS. Walifunzwa, na waliendelea kusimamiwa na wenye ujuzi zaidi. Hilo la kusimamiwa lisisahaulike, maana msikilizaji anayejifanya daktari anaweza kuumiza.

Kwetu kuna mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, ambaye alikaa majuma matatu bila kusema neno. Alikuwa anakuja na kopo lake la kupimia, analishika magotini, kikao kikiisha anaaga. Hakuna aliyemuuliza "ilikuwaje?" Juma la nne alisema, "Jana nililala mpaka asubuhi," akanyamaza tena. Ilitosha.

Siri nayo ina sheria yake. Yaliyosemwa ndani hayatoki, hata kwa mume, hata kwa mchungaji, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini. Sheria hiyo tunaitamka upya kila anapoingia mtu mpya, pamoja na hiyo "isipokuwa", ili asije akaona amesalitiwa.

"Vumilia, sisi wote tumepitia vita"

Anayesema hivyo anataka kufariji. Ila aliyeambiwa anasikia kwamba maumivu yake hayana haki ya kutajwa. Katika MUSO, mwenzetu akifiwa, tunafungua kasha jekundu, lile la msaada. Hatumwambii kwanza kwamba wengine wamefiwa na wawili.

"Dawa hizo zinamfanya mtu mtumwa"

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Dawa za kutibu huzuni kubwa hazileweshi. Huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, ndiyo maana wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifanyi kitu. Kuziacha ghafla baada ya muda mrefu kunaleta kizunguzungu na wasiwasi, kwa hiyo daktari hupunguza kidogokidogo. Diazepamu, ile watu wanaiita valiumu na kuinunua dukani ili walale, ndiyo inayoweza kumteka mtu akiimeza mfululizo. Yaani tunaikimbia dawa inayotibu, tunaikumbatia ile ya kuogopwa.

"Ni mapepo, maombi yatosha"

Aombewe, mimi mwenyewe naomba. Lakini asifungwe kamba, asinyimwe chakula, wala asikatazwe vidonge vyake. Hata kifafa si mapepo: ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua, unampa wazo"

Sivyo. Watafiti wamelichunguza hili mara nyingi: kuuliza waziwazi hakupandi wazo hilo, na mara nyingi kunamtua mtu mzigo. Kinachotushinda ni namna ya kuuliza. "Usiniambie unafikiria upuuzi ule!" si swali, ni mlango unaofungwa. Mimi huketi karibu naye, nashusha sauti, nasema: "Dada, mtu akichoka hivi, wakati mwingine anawaza kufa. Wewe umewaza kujiua?" Kisha nanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Mara moja nilijibiwa "ndiyo". Mikono yangu ilitetemeka, nikaificha ndani ya kitenge. Sikumhubiria. Nilimuuliza kama alikwisha kupanga namna, akanionyesha alichokuwa amekificha, tukakitoa nyumbani jioni ileile. Dada yake alilala naye chumba kimoja. Asubuhi tulipanda taksi sisi watatu kwenda kwa daktari, naye aliniomba niingie nimtajie yule daktari maneno ya jana, kwa sababu hakuweza kuyatamka mara ya pili.