Kwa nini wiki ya likizo uliyokwisha kuilipia haiuziki hata kwa bure?

Shangazi yangu anaishi Mji wa Kale, Mombasa, baada ya kukaa Leicester, Uingereza, zaidi ya miaka ishirini. Katika vitu alivyorudi navyo mna faili moja ya kijani, na ndani yake mna mkataba wa mwaka 2004 unaompa haki ya kukaa wiki ya 27 ya kila mwaka katika chumba kimoja cha kulala na sebule, kwenye hoteli iliyo kusini mwa Tenerife, kisiwa cha Uhispania kwenye Atlantiki. Alilipa pauni 8,000 kwa awamu, akamaliza mwaka 2009. Tangu arudi nyumbani hajakanyaga huko. Wiki ya 27 ni mwanzo wa Julai, huku kusi inavuma, naye yuko zake Forodhani. Lakini kila Disemba huletewa kwa barua pepe ankara ya ada ya matunzo. Ya mwisho ilikuwa pauni 740.

Aliponipa ile faili nimsomee, nilimjibu bila kufikiri mara mbili: "Uza tu, shangazi. Mali haikosi mnunuzi."

Jibu hilo halikuwa sahihi, na lilimpotezea miaka miwili ya kutafuta mtu ambaye hayupo. Alianza na pauni 5,000. Akashuka hadi 2,000, kisha 500. Mwisho alitangaza kwamba anaitoa bure, na hapo pia hakupata mtu. Nilidhani tatizo ni tangazo, au picha, au yeye kuwa mbali. Kumbe ukifungua eBay, soko la mtandaoni, utakuta wiki za namna hii zinauzwa kwa dola moja, za hoteli nzuri zenye bwawa na mandhari ya bahari, na nyingine mwenyewe anaahidi hata kulipia gharama za kubadilisha jina. Ni kitu cha ajabu: watu wanalipa ili waondokewe na kile walichokinunua kwa maelfu.

Kitu chenyewe huitwa taimsheya, yaani umiliki wa zamu: chumba kimoja kinauzwa kwa watu wengi, kila mmoja na wiki yake. Wazo lilianzia Ulaya, na kampuni ya Uswisi iitwayo Hapimag ilikuwa ikiliuza tangu 1963. Huko Florida lilishamiri miaka ya 1970, mzozo wa mafuta ulipowaacha wajenzi na nyumba zisizouzika nzima. Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI mjini Indianapolis, ya kuwawezesha wenye wiki kubadilishana hoteli. Siku hizi kampuni nyingi huuza pointi badala ya wiki maalumu.

Kosa langu lilikuwa neno "mali". Mtu wa Mombasa akisikia umenunua chumba, picha inayomjia ni kiwanja cha Kisauni kilichonunuliwa kwa bei ya debe la mchele na leo hakishikiki. Mimi nilikuwa na picha hiyo hiyo. Shangazi naye alikuwa nayo siku aliyotia sahihi, na yule kijana aliyemuuzia hakufanya lolote kuiondoa. Alimwambia hata wanawe watairithi.

Ilhali sisi wa mji huu tulikuwa na mfano bora mlangoni petu. Mombasa ina utaratibu ambao watu wa bara hushangaa wakiusikia: nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zako, udongo ulio chini ni wa mwenye shamba, na kila mwezi unampelekea kodi ya kiwanja. Majengo, Likoni, Kisauni, familia zimeishi hivyo vizazi kadhaa. Na nyumba hizo zinauzika, tena vizuri. Kwa nini? Kwa sababu mwenye nyumba anakaa humo miezi kumi na miwili, au anapangisha vyumba vinne, na kile anachokipata kinazidi sana kodi anayotoa.

Sasa geuza hesabu. Chukulia nyumba hiyo hiyo unaruhusiwa kuikaa wiki moja tu kwa mwaka. Chukulia kodi ya kiwanja cha mwaka ni shilingi 100,000, na mlango wa pili kuna chumba cha namna ile ile kinachokodishwa kwa 70,000 kwa wiki, bila mkataba wowote. Anayeichukua nyumba yako atapoteza 30,000 kila mwaka, hata ukimpa bure. Kwa miaka kumi ni 300,000. Mtu mwenye akili timamu atakuambia umuongezee fedha ndipo aipokee. Bei yake imeshuka chini ya sifuri, ingawa chumba ni kile kile na hakijabomoka hata tofali moja.

Ndivyo ilivyo taimsheya nyingi. Zile pauni 8,000 zimekwisha kuliwa na hazihesabiki tena. Kinachopimwa na mnunuzi ni ada ya kila mwaka ukilinganisha na bei ya chumba kama hicho kwenye intaneti. Nilipotafuta wiki ile ile ya Julai katika hoteli ya jirani ya shangazi, nilipata chumba kwa pauni 610. Yeye anadaiwa 740 kwa chumba ambacho ni "chake".

Lakini kwa nini ada ipande hadi kuipita bei ya soko? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye fundo.

Watu 50 wananunua mashua moja. Mwaka una wiki 52. Kila mtu ana wiki yake, na wiki mbili zilizobaki mashua hupandishwa pwani, ikatiwa kalafati na kupakwa deheni. (Hoteli za zamu nazo huacha wiki moja au mbili za ukarabati.) Gharama za mwaka, pamoja na tanga na mshahara wa nahodha, ni shilingi 500,000. Kila mmoja anatoa 10,000. Mambo ni shwari.

Baada ya miaka kumi na mitano, mbao zinachoka. Wengine wamezeeka, wengine wamehama. Wenye wiki za kaskazi, bahari ikiwa tulivu, hawana shida. Wa katikati ya kusi wameanza kujiuliza wanalipia nini. Kumi wanaacha kutoa. Kalafati haipungui kwa sababu watu wamepungua. Mashua ni ile ile. Zile 500,000 sasa zinagawanywa kwa 40, kila mmoja 12,500. Kwa bei hiyo wengine nao wanaona afadhali wakodi mashua ya mtu. Wakibaki 25, kila mmoja anatoa 20,000. Kila anayetoka anawasukuma waliobaki kuelekea mlangoni.

Waliounda chama cha mashua waliliona hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana mkataba unasema hutoki mpaka umlete mtu wa kukaa mahali pako, na hauna tarehe ya mwisho. Kifungu hicho kinawalinda wanachama wasikimbiane, na wakati huo huo ndicho kinachowafungia ndani. Nilipokielewa, hasira yangu ilipungua kidogo kwa majirani wa shangazi kule Tenerife, wazee wa Kiingereza wanaolipa fungu lao na la waliotoroka.

Kuna jambo la pili, fupi zaidi. Sehemu kubwa ya bei ya kwanza haiendi kwenye chumba, inakwenda kwenye kuuza. Shangazi alisimamishwa barabarani na kijana mwenye kadi za kukwaruza, akaambiwa ameshinda. Zawadi ilikuwa ikachukuliwe hotelini. Mazungumzo ya saa moja na nusu yakawa ya saa nne, chakula cha mchana kikaletwa, meneja akaja na punguzo, na bei ile ilikuwa ya siku hiyo tu. Kijana, chakula, meneja na kamisheni yake, vyote vimo ndani ya zile pauni 8,000. Wewe ukitaka kuuza huna kijana wala meza ya chakula. Mara nyingi, hoteli yenyewe bado ina wiki zake mpya za kuuza, na haina sababu ya kumtangazia mgeni za kwako.

Niseme pia kwamba si kila mwenye wiki anajuta. Mwenye watoto wadogo anayekwenda mahali pale pale kila mwaka, na ada yake iko chini ya bei ya hoteli, anapata alichokinunua. Chama cha sekta hiyo Marekani, ARDA, hutoa uchunguzi unaoonyesha wamiliki wengi wameridhika. Siukatai, ila naukumbuka kuwa ni wa sekta yenyewe, na swali la kuridhika lina jibu tofauti ukiwa na miaka 45 na ukiwa na 70.

Mlango ulio wazi kweli upo mwanzoni tu. Umoja wa Ulaya kwa agizo la 2009 umetaka siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na umekataza kupokea hata arubuni ndani ya siku hizo. Florida ni siku 10. Kenya nasi tunayo: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaitaja mikataba ya namna hii, na inampa mnunuzi siku kumi tangu apokee nakala ya maandishi. Kwa hiyo anayetia sahihi Nyali au Diani leo asingoje arudi kazini ndipo aisome. Enzi ya shangazi, agizo la zamani la Ulaya la 1994 lilitaka siku zisizopungua kumi. Tano alizimalizia likizoni, kisha akaingia zamu za usiku hospitalini.

Baada ya hapo milango ni myembamba. Uhispania ilipitisha sheria mwaka 1998 kwamba umiliki wa zamu usizidi miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mkataba usio na mwisho, uliotiwa sahihi baada ya sheria hiyo, ni batili. Mkataba wa 2004 wa shangazi una neno la Kiingereza lenye maana ya "daima". Kwa hiyo haki anayo. Lakini inadaiwa kule, kwa wakili wa kule, dhidi ya kampuni ambayo jina lake si lile lililo kwenye karatasi, na kushinda kesi hakumlazimishi aliyefilisika akulipe. Kuacha kulipa tu nako kuna matokeo yake, nayo hutegemea mkataba na nchi: pengine utanyang'anywa wiki na yakaishia hapo, pengine utafuatwa na wakusanya madeni.

Katikati ya milango hiyo ndipo wanapokaa wezi. Mwaka jana shangazi alipigiwa simu na mtu mwenye adabu nyingi. Ana mnunuzi, bei pauni 11,000, kinachotakiwa ni 1,200 za "kodi ya Uhispania" kabla. Sisi tunaojua kiwanja hewa tumtambue na mnunuzi hewa. Hii si biashara ya vibaka wadogo. Mwezi Julai 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani na FBI zilitoa tahadhari kwamba Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023 katika ulaghai wa taimsheya za Mexico, na zikalitaja genge la mihadarati la Jalisco. Genge la silaha limeona faida katika majuto ya wastaafu.

Kilichomsumbua shangazi zaidi ya fedha ni swali moja. Aliniuliza tukiwa barazani, kikombe cha kahawa hakijapoa.

"Na nikifa je, mwanangu? Lisije likawa deni juu yangu."

Kwetu deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, na kwa mwanamke aliyeishi maisha yake yote bila kukopa hata kilo ya sukari, wazo la kulala kaburini huku Tenerife wanamdai lilikuwa zito. Nilimweleza kwamba deni linaloweza kuwepo ni la ada ya mwaka hadi mwaka, si la pauni 8,000, na kwamba wanawe hawakutia sahihi popote. Aliitikia kwa kichwa, lakini sikuona kama ametulia.

Mwezi uliopita tulijaribu njia ambayo ningemwambia tangu siku ya kwanza kama ningejua: kuwaandikia hoteli wenyewe, na kuwaomba waichukue wiki yao. Baadhi ya kampuni sasa hukubali, hasa kwa wazee wasio na malimbikizo. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Wanakubali, kwa pauni 1,400.

Shangazi aligeuza ankara, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: 740, na chini yake 740, akajumlisha. Akaniambia niandike kwamba amekubali, ila wamletee kwanza karatasi yenye jina lake, sahihi yao, na tarehe ya mwisho.