Hakuna dawa ya kutagisha kuku

"Dokta, nipe ile dawa ya kutagisha." Dukani kwangu ombi hili nalisikia kuliko salamu. Anayeniomba huwa amenunua mitetea chotara kwa ajili ya nyumbani, wana miezi minne na nusu, watoto wanachungulia viota kila wakitoka shule, na jirani amemwambia kuku wake walianza kutaga wiki ileile alipowawekea unga wa njano kwenye maji.

Unga huo mara nyingi ni oksitetrasaiklini iliyochanganywa na vitamini. Ni antibiotiki ya kutibu magonjwa ya bakteria, basi. Jirani hakudanganya, ila kampa dawa sifa ya umri. Chotara kama Kuroiler na Sasso huanza kutaga kwenye miezi mitano hivi, hata ungewanywesha chai. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kati ya wiki ya 18 na 20, na kienyeji halisi anaweza kukusubirisha miezi saba.

Tena fikiria yai lenyewe. Kifaranga jike huanguliwa akiwa na mbegu zake zote za mayai, maelfu. Kila kiini huchukua siku 10 hivi kukua kwa kasi kabla hakijaachiliwa, kisha safari ya kupata ute na ganda ni kama saa 25, nyingi zikiishia kwenye ganda. Yai uliloliokota leo lilianza kutengenezwa kabla hujafungua kile kipakiti. Na kama mtetea hajapevuka, hakuna cha kuharakisha.

Badala ya kununua unga, mshike kuku. Upanga wa kichwani umewiva mwekundu? Ukimgusa mgongoni anachuchumaa? Pima kwa vidole mifupa miwili iliyo pembeni mwa tundu la kutagia: kwa mtetea mchanga kidole kimoja kinapita kwa shida, kwa anayetaga vinapita viwili au vitatu. Dalili zikiwepo na mayai hayapo, tafuta kwenye vichaka na nyuma ya tenki kabla hujanitafuta mimi. Wanaoachiwa uani huficha mayai, na mbwa wa nyumbani naye ana siri zake.

Wengine wamepevuka kweli ila hawana cha kutagia. Nikiuliza wanakula nini, jibu ni pumba za mahindi na ukoko wa ugali. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na pumba hazina kalsiamu ya maana. Chakula cha kuku wanaotaga kina asilimia 3.5 hadi 4, cha kukuzia asilimia 1 hivi, na ndiyo maana usiwape cha mayai wakiwa wadogo ukidhani unawahi: kalsiamu nyingi mno huwaharibia figo. Badilisha chakula panga zikianza kuwa nyekundu.

Halafu maji. Hapa nitasema mpaka mnichoke. Yai ukiliondoa ganda, robo tatu ya uzito wake ni maji, na mtu anaweka kikopo kimoja asubuhi, anakwenda kazini Kariakoo, anarudi jioni. Kwa joto la Dar la Februari, kikopo kimekauka saa nne. Weka vyombo viwili, kivulini, kila siku. Hilo limewatagisha kuku wengi kuliko chochote kilichopo kwenye rafu zangu.

Antibiotiki ikitumika bila ugonjwa, mabaki yake huingia kwenye mayai mnayowapa watoto, na vimelea hujifunza kuishi nayo. Siku kuku wataumwa kweli, dawa haitafanya kazi. Ukilazimika kutibu, lebo inataja muda wa kusubiri kabla ya kula mayai. Usome.

Mengine nayapitia haraka. Jogoo hahitajiki ili kuku atage. Anahitajika ili vifaranga vipatikane. Yai lisilo na mbegu ya jogoo ni yai halali, lina lishe ileile, na kwenye joto hukaa vizuri zaidi kwa kuwa hakuna kiumbe ndani cha kuanza kukua.

Vijiyai vya mwanzo vyenye ukubwa wa yai la njiwa, visivyo na kiini au vyenye ganda laini, si mkono wa mtu. Ni mashine mpya inajiweka sawa, ipe wiki chache. Na kwa kuwa yai huchukua zaidi ya saa 24, muda wa kutaga husogea kila siku mpaka kuku aruke siku nzima. Haumwi.

Kiini kikiwa cheupe, ni kwa sababu mahindi yetu ni meupe. Mpe mchicha, majani ya mpapai au mahindi ya njano, kitakolea. Lishe haisomwi kwa rangi hiyo.

La mwisho ni la wanaokwepa chanjo ya kideri kwa kuwa "inakata mayai." Mayai yakipungua kidogo siku chache kwa usumbufu wa kuwakamata, yatarudi, ila kideri kikiingia, banda zima huisha ndani ya wiki. Chanjo yake ya I-2 ni tone moja jichoni kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi za mamia ya kuku na kikifunguliwa hakikai siku nyingi, hivyo changeni majirani kadhaa na mchanje siku moja, jioni, kuku wakiwa wamelala.