Hadithi za nchi zisizokuwepo si za kukimbia maisha

Ukiinama kuchagua vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini, Arusha mjini, hukosi wa kukuambia kwamba hadithi za nchi zisizokuwepo ni za watoto, au za Wazungu wenye nafasi. Mtu mzima asome mambo ya kweli. Dhana hiyo ni ya siku nyingi, na haina msingi.

Chukua riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi yenyewe inaelea hewani. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, hata mbinguni, wakarudi na mawazo mema, wakaambulia kifungo. Msomaji wa wakati ule alijua ni nani anayesemwa. (Sisi tulioisoma kwa ajili ya mtihani tulikariri wahusika tu.) Huko hewani, ukubwa wa wakubwa hauonekani tena kama jambo la kuzaliwa nalo. Ni kanuni iliyowekwa na watu, na inajadiliwa barazani.

Huko India, mwaka 1905, mwandishi Begum Rokeya alibuni, katika hadithi yake, nchi ambamo wanaume ndio wanaofungiwa ndani, wanawake wakitawala na kupikia nguvu ya jua. Kama alikuwa anakimbia maisha, alikimbilia kazini: kufikia 1911 alikuwa anaendesha shule ya wasichana Waislamu Calcutta.