Je, wajua kwa nini Rufiji kuna maji moto ilhali hakuna volkano?

Ukishika Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, ukapita Mkuranga na Kibiti kuelekea bonde la Rufiji, hukutani na mlima wa volkano hata mmoja. Oldoinyo Lengai uko kaskazini kabisa, Rungwe uko Mbeya. Hata hivyo Luhoi, huko huko Rufiji, kuna chemchemi za maji moto, na karibu na Ziwa Tagalala, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuna nyingine ambazo wageni huoga. Joto hilo linatoka wapi?

Linatoka ardhini kwenyewe. Kwa kawaida, kila ukishuka kilomita 1 joto hupanda kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Kisima cha mita 100 pale Kigamboni hakipati hata nyuzi 4 za ziada, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Lakini maji ya mvua yakizama kilomita 2 hukuta mwamba wenye nyuzi 75 na zaidi.

Kuzama ni rahisi. Kazi ni kurudi. Maji yakipanda polepole kwenye mchanga hupoa njiani, huchanganyika na maji baridi ya juu, na joto lote hupotea. Yanahitaji ufa mrefu wa kuyapandisha haraka. Bonde la Rufiji limekatwa na nyufa za kale, za tangu Gondwana, bara kubwa la kale ambalo Afrika ilikuwa sehemu yake, lilipoanza kumeguka. Olkaria, Kenya, ni habari nyingine: kule magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iko karibu, na mvuke wake umezalisha umeme tangu 1981.

Ukienda kuoga, beba kipimajoto cha jikoni. Pima pale utakapokaa, si ukingoni tu, maana dimbwi moja huwa na joto tofauti hatua mbili mbele. Nyuzi 38 hadi 40 zinatosha, kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya nyuzi 60 hubabua ngozi kwa sekunde chache. Ukoko mweupe kando ya chemchemi usiukanyage: juu mgumu, chini huenda ni tope linalounguza. Ukisikia harufu ya yai viza, usiiname shimoni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikizidi pua huacha kuinusa. Kichwa nacho kibaki juu, kwani maji ya vuguvugu huweza kuwa na amiba, vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanaoingilia puani na kushambulia ubongo.