Kuwa msimamizi wa kompyuta hakuipi CMD mamlaka kamili

Wengi huamini kwamba ukishaingia kwenye Windows kwa akaunti ya msimamizi, kila dirisha la CMD (programu ya kuandikia Windows amri) unalofungua lina mamlaka yote. Si kweli. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, msimamizi anapoingia hupewa vibali viwili: kimoja cha kawaida, kingine kamili. Programu hufunguka kwa kile cha kawaida mpaka wewe mwenyewe uridhie kutumia kile kamili. Ulinzi huu, UAC (User Account Control), usiuzime hata ukikuchosha: ndio unaoizuia programu mbaya uliyoifungua kwa bahati mbaya isirithi mamlaka yako yote papo hapo.

Fungua CMD kawaida, andika sfc /scannow, amri ya kukagua faili za mfumo. Itakataa, ikitaka uwe msimamizi. Ukijaribu net stop spooler, ya kusimamisha huduma ya uchapishaji, utaona "System error 5", yaani umenyimwa ruhusa. Amri haina kosa; kinachokosekana ni kile kibali kamili.

Ili kukitumia, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha shikilia Ctrl na Shift ubonyeze Enter, ukubali kwa Yes. Juu ya dirisha lazima paandikwe Administrator, na mstari wa kuandikia amri uanze na C:\Windows\System32, si folda yako. Hapo ndipo watu hukwama: wanaita faili lililoko Desktop, wanaambiwa halipo. Hamia kwanza kwenye folda ya faili hilo kwa amri ya cd. Diski za mtandao, tuseme Z:, nazo kwa kawaida hazionekani humo, maana ziliunganishwa kwa kile kibali cha kawaida. Ziunganishe upya humo kwa amri ya net use.